Chupa Isipasuke: Jinsi ya Kujua Kama Pombe ya Asali Imeiva

Mwezi huu sitaandika habari za mbolea wala za kuogesha ng'ombe. Nataka kueleza jambo ambalo watu wengi hulifanya nyumbani bila kulifikiri sana, nalo ni kutia pombe ya asali katika chupa. Jambo hili laonekana dogo, lakini likifanywa kabla ya wakati wake laweza kumtoa mtu jicho.

Nimesukumwa kuandika na habari ya mzee mmoja jirani yangu katika skimu yetu. Mzee huyu hufuga nyuki, na mwanawe alikuwa akienda kutoa ruracio upande wa Thika. Basi mzee akatengeneza pombe ya asali ya lita 20, akatia muratina yake ya zamani, akangoja. Ilikuwa mwezi wa Julai, na ninyi mnaokaa huku juu, zaidi ya mita 2,000, mnaijua baridi ya Julai. Siku ya kumi na tano akaona povu limetulia na mapovu hayapandi tena. Akasema, "Imeiva." Akaijaza katika chupa 36 za nusu lita, akazifunga kwa vifuniko vya bati, akazipeleka kwa wakwe wiki moja kabla ya siku yenyewe. Huko chini ni joto. Chupa ziliwekwa katika ghala karibu na jiko.

Usiku wa nne chupa ya kwanza ikalia kama bunduki. Asubuhi binti wa nyumba ile alikwenda kuchukua unga, na chupa nyingine ikapasuka mbele yake. Kigae kikamkata chini ya jicho, upana wa kidole tu kutoka kwenye mboni. Alishonwa hospitali, naye ni mzima. Lakini fikirini aibu ya mzee: alikwenda kutafuta ujamaa, akatanguliza damu.

Aliporudi alinijia. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, lakini kabla ya ukarani nilisomea ualimu, na wazee hawajaacha kuniita hivyo.

"Mwalimu," akasema, "babangu alitengeneza pombe hii maisha yake yote, na hakuna kibuyu kilichompasukia. Mimi nimekosa nini?"

Nikamjibu, "Mzee, katika kupika pombe hukukosa. Kosa ni chupa."

Basi nitaeleza maana ya jibu hilo.

KIBUYU HUPUMUA, CHUPA HAIPUMUI

Pombe haitengenezwi na mtu, hutengenezwa na hamira. Hamira ni vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Katika pombe yetu vinakaa ndani ya nyuzi za tunda la muratina, lile tunda refu la mti wa mwegea. Ndiyo maana tunda hilo hukatwa, huchemshwa, hukaushwa juani, na kutayarishwa kwa asali mara kadhaa kabla ya kutumiwa. Tunda bichi lina sumu. Likishatayarishwa vizuri huwa nyumba ya hamira, na mwenyewe hulitunza mwaka hata mwaka.

Hamira hula sukari iliyo katika asali. Ikila sukari hutoa vitu viwili: kileo, na hewa ya ukaa, ambayo ndiyo hewa ile ile iliyo ndani ya chupa ya soda. Gramu moja ya sukari hutoa karibu robo lita ya hewa hiyo. Hicho si kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, ambacho ni kama gramu 4, hutoa lita moja nzima ya hewa.

Wazee wetu walitia pombe katika kibuyu au mtungi usiozibwa sana, wakaiweka karibu na moto, kisha wakainywa ingali ikichemka. Hewa ilitoka na kwenda zake. Wao hawakuhitaji kujua kama sukari imekwisha au haijakwisha. Lakini siku hizi twataka pombe ikae, isafiri kwa gari, iwekwe mezani katika chupa safi. Hapo desturi ya wazee haitutoshi, kwa kuwa chupa yenye kifuniko cha bati haina mahali pa kutolea pumzi. Sukari yo yote iliyobaki ndani itageuka kuwa hewa, na hewa hiyo itasukuma kioo mpaka kishindwe.

DALILI ZINAZODANGANYA

Watu hutumia dalili nyingi. Baadhi zina maana, lakini hakuna moja kati ya hizi iliyo ya kutosha peke yake.

Ya kwanza ni kuhesabu siku. Mtu husema, "Mimi hufunga siku ya kumi." Lakini hamira haijui kalenda. Katika joto la digrii 20 hadi 28 za sentigredi hufanya kazi vizuri. Chini ya digrii 15 huchelewa sana, na chini ya digrii 10 karibu yote hulala. Pombe inayoiva kwa siku kumi huko Murang'a yaweza kuhitaji mwezi mzima Kinangop. Tena asali ina upungufu wa virutubisho ambavyo hamira huvihitaji, kwa hiyo pombe ya asali tupu huchukua siku nyingi zaidi.

Ya pili ni mapovu kukoma. Dalili hii ndiyo iliyomdanganya jirani yangu. Mapovu yaweza kukoma kwa sababu sukari imekwisha, lakini pia yaweza kukoma kwa sababu hamira imelala kwa baridi, au kwa sababu kifuniko cha pipa kinavuja na hewa inatokea pembeni. Na kinyume chake ni kweli: pombe iliyokwisha kuiva ikihamishwa mahali pa joto hutoa mapovu siku moja mbili, kwa kuwa hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake inatoka.

Ya tatu ni pombe kuwa safi juu na mashapo kukaa chini. Hii ni dalili njema, lakini baridi nayo huangusha mashapo. Pombe safi yaweza kuwa na sukari tele.

Ya nne ni ulimi. Pombe iliyoiva haina utamu wa asali. Huwa kavu na kali kidogo. Onjeni, yafaa. Lakini ukali wa muratina na uchachu huweza kuficha utamu, na ulimi wa mtu aliyekwisha kuonja mara tatu si shahidi wa kuaminiwa.

KIPIMO KISICHODANGANYA

Ninyi mnaopeleka maziwa kwenye chama cha ushirika mmeona karani wa maziwa akitumbukiza kile kipimo cha kioo kinachoelea, laktomita. Maziwa mazima hukiinua juu. Maziwa yaliyotiwa maji hukiacha kizame, na hapo mwenye maziwa hurudishwa nyumbani. Pombe nayo ina kipimo cha namna hiyo, jina lake haidromita. Maji yenye sukari ni mazito, kwa hiyo kipimo huelea juu. Sukari ikiliwa, maji huwa mepesi, na kipimo huzama kidogo kidogo. Kwa hiyo kipimo hiki chaonyesha kile ambacho jicho haliwezi kuona: sukari imepungua kiasi gani.

Msiazime laktomita ya chama. Alama zake kwa kawaida huishia karibu na 1015 kwa chini, na pombe iliyoiva huwa nyepesi kuliko hapo. Kitazama chote na hamtasoma kitu. Haidromita ya pombe hupatikana katika maduka yanayouza vyombo vya maabara, na watu wa kikundi kimoja wanaweza kuchanga na kununua moja.

Kuitumia si kazi ngumu:

1. Kwanza ijaribuni katika maji safi yenye joto la digrii 20. Sharti isome 1000. Ikisoma 1002, mjue kipimo chenu kimezidi kwa 2, nanyi mpunguze 2 kila mara.

2. Chukueni pombe kidogo kwa kikombe kilichooshwa kwa maji ya moto, mwimimine katika chombo chembamba kirefu cha kioo.

3. Toeni hewa kwa kuimimina pombe hiyo kutoka kikombe hata kikombe mara kumi. Mapovu yakishikamana na kipimo hukiinua, nacho husema uwongo.

4. Tumbukizeni kipimo, mkizungushe kidogo, mngoje kitulie. Wekeni jicho sawasawa na uso wa pombe, si kwa juu.

5. Andikeni tarehe na hesabu katika daftari. Msitegemee kichwa.

6. Pombe mliyopima msiirudishe katika pipa, kwani yaweza kuingiza uchafu.

DAFTARI LASEMAJE?

Chukueni mfano huu. Kilo 4 za asali zimeyeyushwa katika maji mpaka jumla ikawa lita 20. Daftari likaandikwa hivi:

Siku ya 1: 1058
Siku ya 4: 1034
Siku ya 8: 1016
Siku ya 12: 1010
Siku ya 15: 1010

Je, pombe hii imeiva? Mtu wa haraka atasema ndiyo, kwa kuwa hesabu ya siku ya 12 na ya 15 ni moja. Lakini mkulima mwangalifu atajiuliza: pombe ya asali huishia wapi? Sukari ya asali huliwa karibu yote, kwa hiyo pombe nyepesi kama hii huishia karibu na 1000, au chini yake kidogo. Ikisimama kwenye 1010, haijaiva, imelala. Tuendelee. Pipa likahamishwa karibu na jiko, likafunikwa kwa gunia, likatikiswa polepole ili hamira iamke:

Siku ya 19: 1004
Siku ya 24: 1000
Siku ya 27: 1000
Siku ya 30: 1000

Sasa imeiva. Kwa hiyo kanuni ina sehemu mbili, na zote mbili ni za lazima. Kwanza, hesabu iwe imefika mahali inapotazamiwa. Pili, isibadilike katika vipimo vitatu, kila kimoja siku tatu baada ya kingine, pipa likiwa mahali pa joto.

Pombe ya kimea si sawa na ya asali. Kimea kina sukari nyingine ambayo hamira haiwezi kuila, kwa hiyo bia ya kimea iliyoanza 1045 yaweza kuiva kabisa ikiwa 1010. Msichukue hesabu ya pombe moja mkaipa nyingine.

Labda mtauliza, alama 10 tu zina hatari gani? Fanyeni hesabu pamoja nami. Kila alama inayoshuka hutoa karibu nusu lita ya hewa kwa kila lita ya pombe. Alama 10 ni lita 5 za hewa katika kila lita, mbali na ile iliyokuwamo tangu mwanzo. Bia ya dukani ina kama lita 2 na nusu. Soda kali ina lita 3 hadi 4. Chupa ya mzee wetu ilitakiwa kubeba zaidi ya mara mbili ya bia. Katika chumba cha joto, nguvu hiyo inazidi mara mbili ile iliyo ndani ya tairi la gari dogo. Si ajabu kioo kilishindwa.

ASIYE NA KIPIMO AFANYEJE?

Si kila mtu ataweza kununua haidromita. Basi tumieni chupa ya plastiki ya soda, nayo itawasemea kweli.

Chukueni nusu lita ya pombe kutoka katikati ya pipa. Itoeni hewa kwa kuimimina kutoka chombo hata chombo mara nyingi. Ijazeni katika chupa ya plastiki iliyooshwa, mwache nafasi ya vidole viwili juu, kisha mfunge sana. Msitie sukari. Iwekeni mahali pa joto kuliko penye pipa, kwa mfano rafu iliyo karibu na jiko, kwa siku nne. Kila asubuhi na jioni ibonyezeni kwa kidole gumba.

Ikibaki laini kama siku ya kwanza, hamira imekosa chakula, na pombe ya pipa imeiva. Ikiwa ngumu kama soda mpya, sukari bado ipo. Fungueni kifuniko polepole ili hewa itoke, mwingoje pipa wiki nyingine, kisha mjaribu tena. Faida ya jaribio hili ni kwamba humwamsha hamira aliyelala. Hata mwenye haidromita yafaa alifanye, hasa wakati wa baridi. Kama jirani yangu angalifanya hivyo, chupa moja ya plastiki ingalimwambia katika siku nne yale aliyoambiwa na vigae.

SIKU YA KUJAZA

Pombe ikiisha kuiva, fuateni mambo haya.

Tumieni chupa nene za bia au soda zilizotengenezwa kubeba hewa. Chupa za jamu, za mvinyo usio na hewa, na chupa nyembamba za pombe kali hazifai kabisa. Iangalieni kila chupa juani; yenye ufa au mdomo uliomeguka itupwe. Ziosheni kwa brashi na maji ya moto, kwani uchafu huleta vijidudu vingine vinavyoweza kula hata ile sukari iliyoachwa na hamira.

Vuteni pombe kwa mpira safi, mwuache mwisho wa mpira juu ya mashapo. Acheni nafasi ya vidole viwili katika shingo ya chupa.

Kama mwataka pombe tulivu, msiongeze kitu. Kama mwataka itoe povu kidogo, pimeni sukari kwa mizani: gramu 6 kwa kila lita, yaani gramu 120 kwa lita 20. Ichemsheni katika kikombe cha maji, ipoe, mwichanganye na pombe yote kabla ya kujaza. Msitie sukari kwa kijiko katika kila chupa, maana mkono huzidisha, na kijiko kilichojaa huwa mara mbili ya kinachotakiwa.

Jazeni chupa moja ya plastiki pamoja na zile za kioo, mwiweke kati yao. Hiyo ndiyo shahidi. Ikiwa ngumu kama soda ya dukani, pelekeni zote mahali pa baridi. Ikizidi kuwa ngumu mpaka kubonyea haiwezekani, jueni kuna hatari.

Wekeni chupa katika kreti, zifunikwe kwa gunia zito, katika chumba ambacho watoto hawalali wala hawapiti.

Na ikiwa mwasoma haya, na chupa zenu mlizifunga kwa haraka? Msizishike kwa mikono mitupu. Zifunikeni kwa magunia yaliyoloweshwa maji ya baridi, mwache zipoe usiku mzima. Asubuhi vaeni miwani na nguo nene, mfungue moja moja chini ya kitambaa kizito, mdomo wa chupa ukielekezwa mbali na watu. Pombe hiyo irudisheni katika pipa. Ni afadhali kupoteza pombe kuliko kupoteza jicho.

MANENO MAWILI YA SHERIA

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliruhusu pombe za kienyeji kutengenezwa kwa leseni. Kutengeneza na kuuza bila leseni ni kosa, na kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa. Leseni za vileo ni kazi ya serikali ya kaunti, basi ulizeni huko kabla ya kununua hata chupa moja. Cheti kwanza, kisha pipa.

Pia msiongeze dawa yo yote ili pombe iive upesi au iwe kali. Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika vijiji vya maskini vya Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Hamira haihitaji kusaidiwa na sumu. Yahitaji joto na siku.

MWISHO

Mzee yule alirudi kwa wakwe mwezi wa Septemba. Safari hii alikuwa na daftari lililoandikwa hesabu tisa, na chupa moja ya plastiki aliyoibonyeza mpaka gumba likamwuma. Alimletea binti yule mbuzi. Chupa zikafunguliwa mchana mbele ya watu wote, zikatoa mlio mdogo tu, na wazee wakanywa.

Nilipomwuliza imekuwaje, akanijibu, "Mwalimu, zamani nilikuwa nikiuliza kama mimi niko tayari. Sasa nauliza kama pombe iko tayari."

Ninyi nanyi iulizeni, tena mara tatu, kabla ya kushika kifuniko.